Uchungu Kabla ya Siku: Damu ya Mama Inatuambia Nini?

Jambo tunalotaka kulizungumza mwezi huu si geni katika familia zetu. Mama ana mimba ya miezi saba, na usiku tumbo linaanza kubana na kuachia, kubana na kuachia. Anafikishwa hospitali. Huko anapimwa, anatolewa damu, na baada ya muda karatasi inarudi kutoka maabara ikiwa na namba kadhaa. Nje kwenye benchi, mume, mama mkwe na shangazi wanaulizana: "Damu imesemaje?"

Swali hilo ni la haki kabisa, lakini jibu lake mara nyingi hueleweka vibaya. Wako wanaosikia kwamba namba iko juu, nao hudhani kuwa mama ana "damu chafu" au ugonjwa wa aibu, na minong'ono huanza. Wako wanaosikia kwamba namba ni ya kawaida, nao hufunga mizigo na kumrudisha mama nyumbani. Wako pia wanaokimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuua vijidudu bila kumwuliza mtu yeyote. Yote matatu yaweza kuleta hasara kwa mama, kwa mtoto, au kwa wote wawili.

Basi tuone pamoja namba hizo ni za kitu gani, zinaweza kusema nini, na nini haziwezi kusema.

Siku za mimba na mtoto njiti

Mimba ya kawaida huchukua wiki 40 hivi, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Wengi wetu humwita mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti milioni 13.4 duniani kote, yaani zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi. Mwaka 2019 matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema yaliua watoto wapatao 900,000. Hakuna sababu nyingine iliyoua watoto wengi zaidi walio chini ya umri wa miaka mitano.

Kadiri mtoto anavyozaliwa mapema, ndivyo hatari inavyozidi. Mapafu yake hayajakomaa, hawezi kulinda joto la mwili wake, hana nguvu za kunyonya, na ubongo wake ni mwororo mno. Kwa hiyo kila siku anayoongeza tumboni ina faida kwake, mradi tumbo lenyewe liwe mahali pa salama. Shikeni maneno hayo ya mwisho, maana tutayarudia.

Sababu za uchungu wa mapema ni nyingi. Mimba ya mapacha hujaza mji wa mimba mapema. Mama mwingine ana mlango wa kizazi mfupi au dhaifu. Mwingine alikwisha kuzaa njiti huko nyuma, na hali hiyo huweza kujirudia. Mara nyingine sababu haipatikani kabisa. Lakini iko sababu moja kubwa ambayo ndiyo hasa inayowafanya madaktari watoe damu ya mama na kuitazama. Nayo ni mchochota.

Mchochota ni nini?

Ukichomwa na mwiba mguuni na kipande kikabaki ndani, baada ya siku moja mahali pale huwa pekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Hapo mwili unapigana. Damu imeleta askari wake ili kuwazuia vijidudu walioingia na mwiba. Hali hiyo ndiyo tunayoiita mchochota. Si ugonjwa kwa asili yake, bali ni vita ambayo mwili unapigana ili ujilinde.

Vita kama hiyo huweza kutokea hata ndani ya mji wa mimba. Kwa kawaida vijidudu hukaa ukeni bila kumdhuru mtu, na mlango wa kizazi huwazuia wasipande. Mara nyingine hupanda wakaifikia ngozi ya chupa, yaani ule mfuko unaoshika maji na mtoto, na pengine wakapenya hadi kwenye maji yenyewe. Watafiti wanakadiria kwamba katika robo moja au zaidi ya akina mama wanaozaa kabla ya siku, vijidudu wameingia ndani namna hiyo. Tena jambo hili huonekana zaidi kwa wale wanaozaa mapema sana, kabla ya mwezi wa nane.

Vijidudu wakifika huko, mwili wa mama huanza vita. Chembe za ulinzi hutoa kemikali za kuitana, na kemikali hizo huamsha nyingine ziitwazo prostaglandini. Hizi ndizo zinazoufanya mji wa mimba ubane na mlango wa kizazi ulainike. Hivyo uchungu wa mapema huwa, kwa namna fulani, jibu la mwili: umeona hatari ndani ya nyumba, unafungua mlango.

Tunaomba familia zizingatie jambo hili. Vijidudu wengi wanaofanya hivyo ni wale wanaoishi katika mwili wa mwanamke yeyote mwenye afya. Hawakuletwa na uchafu wala na mwenendo mbaya. Yako magonjwa ya zinaa yanayoweza kudhuru mimba, na ndiyo sababu hupimwa kliniki. Lakini mchochota wa mji wa mimba peke yake hausemi neno lolote juu ya uaminifu wa mke au mume. Minong'ono kwenye benchi haina msingi, na humwumiza mama aliyekwisha kuumia.

Alama ambazo maabara huzitafuta

Vita vikipiganwa mahali fulani, habari zake husambaa katika damu. Mtaalamu wa maabara huzitafuta habari hizo kwa njia kadhaa.

1. Chembe nyeupe za damu. Hawa ndio askari wenyewe. Mtu mzima asiye na mimba huwa na chembe kama 4,000 hadi 11,000 katika milimita moja ya mchemraba ya damu. Zikizidi sana, yaweza kuwa mwili unapigana na vijidudu.

2. Protini iitwayo CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa kichomi. Protini hii hutengenezwa na ini. Mchochota unapoanza popote mwilini, kemikali ya kuitana iitwayo interlukini-6 hulifikia ini, nalo huanza kuimwaga CRP katika damu. Huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, hufika kileleni kwa muda wa siku mbili hivi, na mchochota ukitulia hushuka upesi. Katika maabara nyingi, CRP iliyo chini ya miligramu 10 kwa lita huhesabiwa kuwa ya kawaida, ingawa mama mjamzito huweza kuzidi kidogo bila kuwa na ugonjwa.

3. Kasi ya damu kutuama, inayoandikwa ESR. Hiki ni kipimo cha zamani, chepesi na cha gharama ndogo. Lakini mimba yenyewe huipandisha ESR, kwa hiyo kwa mjamzito hakisaidii kuutambua mchochota.

4. Interlukini-6 yenyewe, na protini nyingine iitwayo prokalsitonini. Hizi hupimwa katika hospitali kubwa na katika utafiti. Interlukini-6 husema wazi zaidi inapopimwa katika maji ya chupa kuliko katika damu, lakini kuyapata maji hayo ni lazima kuingiza sindano tumboni. Kazi hiyo haifanyiki kila mahali.

Kwa nini namba peke yake haitoshi

Wazee wetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini kila mkulima anajua kwamba si kila wingu hunyesha, na kwamba mvua nyingine humkuta mtu shambani bila kutarajia. Vipimo hivi viko hivyo hivyo, na sababu zake tunaweza kuzitaja.

Kwanza, mimba hubadilisha damu. Mama mjamzito mwenye afya huweza kuwa na chembe nyeupe 15,000. Akiwa katika uchungu zinaweza kufika 25,000 au kupita, bila kijidudu hata mmoja. Uchungu wenyewe ni kazi ya jasho, na mwili huiitikia.

Pili, dawa hubadilisha damu. Mama anayetazamiwa kuzaa kabla ya siku huchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nayo huongeza chembe nyeupe kwa siku kadhaa. Anayeisoma karatasi bila kujua habari za sindano atadhani kwamba ugonjwa umezidi.

Tatu, CRP haisemi moto uko wapi. Malaria huipandisha. Vijidudu katika mkojo huipandisha. Kichomi, jipu, hata jino bovu lenye usaha, vyote huipandisha. Ni kama moshi unaoonekana ng'ambo ya kilima: unajua kuna moto, lakini hujui ni nyumba ipi.

Nne, moto mdogo hautoi moshi mwingi. Vijidudu wanaweza kuwa wamejificha kwenye ngozi ya chupa, na vita ikapiganwa pale pale bila habari nyingi kufika katika damu ya mama. Karatasi itaonyesha namba nzuri, kumbe ndani hali si nzuri.

Tano, CRP huchelewa. Mama akipimwa saa tatu tu baada ya mchochota kuanza, CRP haijapata nafasi ya kupanda. Ndiyo sababu daktari huweza kuomba damu tena kesho yake. Hapo familia isiseme, "Wanatunyonya damu bure." Namba mbili zinazopanda, au mbili zinazoshuka, husema mengi kuliko namba moja.

Hayo hatuyasemi kwa kukisia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walitoa ripoti baada ya kukusanya na kulinganisha tafiti nyingi za akina mama ambao chupa ilipasuka kabla ya wiki 37 na kabla ya uchungu. Walitaka kujua kama CRP, prokalsitonini na interlukini-6 katika damu ya mama zinaweza kutambua mchochota wa chupa. Walihitimisha kwamba ushahidi uliopo hauruhusu kuvitegemea vipimo hivyo kwa kazi hiyo.

Je, basi vipimo havina kazi? Hapana. Ni shahidi mmoja kati ya mashahidi. Shahidi husikilizwa, lakini hapewi kiti cha hakimu.

Mashahidi wengine

Mashahidi wengine wako kitandani kwa mama. Mkunga mwenye kipimajoto, saa ya mkononi na masikio mazuri huwapata wote:

- Joto la mama limefika digrii 38 au zaidi.
- Mapigo ya moyo wake yamezidi 100 kwa dakika.
- Mapigo ya moyo wa mtoto yamezidi 160 kwa dakika.
- Tumbo linauma likiguswa, hata wakati halibani.
- Maji yanayotoka yana harufu mbaya au yanafanana na usaha.

Mama mwenye homa, hasa ikiambatana na dalili nyingine kati ya hizi, hutazamwa kwa haraka hata kama karatasi ya maabara ni safi. Na mama asiye na hata moja, ambaye CRP yake iko juu, hutafutwa kwanza chanzo kingine cha mchochota kabla ya kusema kwamba ni mji wa mimba.

Maamuzi mawili mazito

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu maamuzi mawili mazito hutegemea jibu.

Uamuzi wa kwanza ni huu: mtoto abaki au atoke? Ikiwa hakuna dalili za vijidudu ndani, kila siku ni faida. Daktari huweza kutoa dawa ya kutuliza uchungu kwa siku mbili hivi, ili ile sindano ya mapafu ipate muda wa kufanya kazi na mama apelekwe kwenye hospitali yenye chumba cha watoto njiti. Mwaka 2020 ulitangazwa utafiti uliofanyika katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladeshi. Kati ya watoto wa akina mama waliochomwa deksamethasoni, asilimia 19.6 walifariki katika siku 28 za kwanza. Kwa ambao hawakupata dawa hiyo walikuwa asilimia 23.5. Katika kila akina mama 25 hivi waliochomwa sindano, maisha ya mtoto mmoja yaliokolewa.

Lakini ikiwa vijidudu wamekwisha kuteka mji wa mimba, tumbo si mahali pa salama tena. Dawa za vijidudu hutolewa mara moja, na mtoto hana budi kuzaliwa hata kama siku hazijatimia. Kumbakiza ndani ni kumhatarisha yeye, na ni kumweka mama katika hatari ya sumu kuenea katika damu yote. Hapo familia isidai kwamba mimba "ishikiliwe".

Uamuzi wa pili ni wa dawa za vijidudu. Wengi hufikiri kwamba dawa hizi hata zisiposaidia hazidhuru. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2001 ulitufundisha vingine. Katika sehemu yake moja walikuwamo akina mama zaidi ya 6,000 wenye uchungu wa mapema, chupa ikiwa nzima na bila dalili za maambukizi. Dawa hazikuwasaidia watoto wao. Watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka saba, ilionekana kwamba kati ya wale ambao mama zao walipewa dawa, takribani 3 katika kila 100 walikuwa na mtindio wa ubongo. Kwa ambao mama zao hawakupewa dawa ile, walikuwa chini ya 2 katika kila 100. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008.

Hali ni tofauti chupa ikiwa imepasuka kabla ya siku. Hapo dawa iitwayo erithromisini ina faida, nayo imo katika maagizo ya Shirika la Afya Duniani. Na ikiwa kuna maambukizi ya kweli, ya mkojo, ya mji wa mimba au ya mahali pengine, dawa ni lazima. Kwa hiyo dawa ile ile yaweza kuwa msaada kwa mama huyu na hasara kwa mama yule. Ndiyo maana hainunuliwi dukani kwa ushauri wa jirani.

Mifano miwili

Ili tuelewane vizuri, tumetunga mifano miwili.

Mama wa kwanza ana mimba ya wiki 31. Tumbo linabana, chupa ni nzima, hana homa, mapigo ya moyo ni 88. CRP yake ni 48. Ndugu zake wanaogopa namba hiyo, wanataka mtoto atolewe leo leo. Lakini mkojo unapimwa na kukutwa na vijidudu. Mama anatibiwa mkojo, anachomwa sindano ya mapafu, anapewa dawa ya kutuliza uchungu. Siku ya tatu CRP imeshuka na tumbo limetulia. Wingu lilikuwapo, lakini mvua haikunyesha upande ule waliouogopa.

Mama wa pili ana mimba ya wiki 32. Chupa ilipasuka jana asubuhi. CRP yake leo ni 6, na mama mkwe anamwambia, "Mwanangu, damu yako ni nzuri, twende nyumbani ukapumzike." Mkunga anapima joto: digrii 38.4. Mapigo ya mama ni 124, ya mtoto ni 175. Daktari hangoji karatasi nyingine. Anaanza dawa na kuandaa uzazi. Kama angefuata ile namba 6 peke yake, usiku ule ungeweza kuwa wa msiba.

Namba kubwa haikuwa hukumu, na namba ndogo haikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Familia ifanye nini?

Kabla ya hatari:

- Mama aanze kliniki mapema, na mume afahamu tarehe ya hedhi ya mwisho au aiandike. Bila kujua wiki za mimba, daktari hawezi kupima vizuri faida na hatari. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane.
- Mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI vipimwe kliniki. Vijidudu katika mkojo huweza kuwapo bila maumivu yoyote.
- Mama alale ndani ya chandarua chenye dawa. Penye malaria, ameze vidonge vya SP kliniki kila mwezi kuanzia mwezi wa nne wa mimba, angalau mara tatu. Anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya virusi vya UKIMWI hapewi SP. Amwambie mhudumu.
- Asiweke ukeni dawa za kienyeji, majani wala sabuni ya kujisafishia ndani.

Dalili zikitokea kabla ya wiki 37:

- Tumbo linalobana na kuachia kwa zamu, kiuno kinachouma kwa vipindi, maji yanayochuruzika, au damu: yoyote kati ya hizi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Wengi husema, "Hilo ni chango tu, litapita." Labda ni chango, lakini mwenye haki ya kusema hivyo ni aliyempima mama.
- Chupa ikipasuka, mama aweke kitambaa safi, asijiingize kidole, asikutane na mumewe. Aangalie rangi na harufu ya maji na saa yalipoanza kutoka. Mkunga atayauliza hayo yote.
- Mama asimeze vidonge vya kutuliza homa kabla ya kupimwa joto. Vidonge hushusha joto na kumficha shahidi muhimu. Kama amekwisha kumeza, aseme ni saa ngapi.
- Kama ametumia dawa yoyote, ya dukani au ya kienyeji, familia iseme bila kuficha.

Mkiwa hospitali:

- Ulizeni kwa heshima: "Daktari, mbali na damu, dalili nyingine zinaonyeshaje?" Ulizeni pia kama sindano ya mapafu imekwisha kutolewa.
- Mkiambiwa mama ahamishiwe hospitali kubwa, msichelewe kwa sababu CRP ni nzuri. Ni heri mtoto asafiri akiwa tumboni kuliko kusafiri baada ya kuzaliwa.
- Msimtoe mama wodini kwa sababu uchungu umetulia. Anayeruhusu ni daktari.

Mtoto akishazaliwa:

- Mwekeni kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ya kangaruu ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Walioanzishiwa njia hii mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12.0, wakati waliongojea kwanza hali yao itulie walifariki asilimia 15.7. Mama akiwa mgonjwa, baba, bibi au shangazi anaweza kumbeba.
- Vita inaweza kuendelea baada ya kujifungua. Mama akipata homa, kutetemeka, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya, arudi hospitali mara moja. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa moto au baridi kupita kiasi, au akilegea, arudishwe vivyo hivyo.

Neno la mwisho

Tumeeleza habari za damu, chembe na protini, lakini jambo tunalotaka familia zibaki nalo ni fupi. Karatasi ya maabara ni msaada kwa yule anayemtazama mama mzima: joto lake, mapigo yake, tumbo lake, maji yake, na mtoto aliye ndani. Haiwezi kukaa mahali pa mtu huyo. Nayo haiwezi kumsaidia kabisa mama aliyebaki nyumbani akingoja kuona kama maumivu yatapita.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza damu imesemaje, familia ijiulize kwanza: tumemfikisha mama hospitali saa ngapi? Nauli iliyowekwa akiba tangu mwezi wa tano wa mimba, namba ya simu ya mwenye gari, na jirani aliyekubali kubaki na watoto usiku ni vitu vidogo. Lakini ndivyo vinavyompa daktari muda wa kupima, kungoja na kupima tena, na sindano ya mapafu muda wa kufanya kazi kabla mtoto hajazaliwa.